Siku Niliyopanda Ngazi Katikati ya Harusi

Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na saba. Magoti yangu yana sabini. Daktari alizitazama picha, akaniuliza kazi yangu ni ya kupanda nini, nikamwambia ngazi, akasema nilizopanda zinatosha. Kwa hiyo mimi niliyezunguka Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu na Nanyuki nikitundika waifai kwenye majengo ya watu, sasa niko nyumbani, na mke wangu ameshaniambia mara mbili nitafute mahali pa kwenda. Bado natoka. Juzi niliingia benki ambayo sina akaunti, nikatazama dari, nikatikisa kichwa, nikatoka. Mlinzi alinifuata hadi kituo cha magari.

Ninyi mnaoanza kazi hii mliniomba niandike nilichojifunza. Vyeo sitavitaja, kwa sababu havikuwa vingi. Elimu yangu ni kidato cha nne, na fizikia nilipata alama ambayo mama yangu hakuwaambia majirani. Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Gatua, aliyekuwa ametandaza nyaya za simu za mezani hadi simu za mezani zikafa. Usaili wangu ulifanyika kando ya gari lake.

"Unaogopa kupanda juu?"

"Hapana, Mzee."

"Unaogopa mbwa?"

"Kidogo."

"Sawa. Anayesema haogopi mbwa huwa hajafika Tetu. Beba hiyo."

Hiyo ilikuwa ni mti wa ufagio. Juu yake kilikuwa kimefungwa kwa seloteipu kile kifaa cha kurusha mtandao ambacho sisi tulikiita sahani, kwa sababu kinafanana na sahani iliyogandishwa ukutani. Waya ulishuka kutoka kwenye sahani hadi kwenye betri ya pikipiki iliyokuwa ndani ya mkoba mgongoni mwangu. Kazi ilikuwa rahisi kueleza. Kabla hujatoboa ukuta wa mtu, inua sahani hadi pale unapofikiri itakaa, mwenzako atembee jengo zima na simu akisoma namba, na kila namba iandikwe kwa penseli kwenye mchoro. Namba zile ni za hasi, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo mambo yanavyokuwa mazuri. Mzee Gatua alinieleza hivi: hasi hamsini ni mtu anakunong'oneza sikioni. Hasi sabini ni mtu anakuita kutoka ng'ambo ya shamba. Hasi themanini na tano ni mtu aliyehama.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katika shule ya bweni upande wa Kerugoya. Nilipoingia jikoni na ufagio wangu ulioinuliwa darini, mpishi mkuu alinitazama kwa furaha ambayo sijawahi kuiona tena kwa mteja.

"Hatimaye wamekutuma! Anzia hapo juu ya masufuria, hao buibui wamezaa."

Nilimweleza kwamba mimi ni mtu wa mtandao.

"Ndio, si hiyo ndiyo nakuonyesha? Imejaa huko juu."

Niliondoa utando wa buibui jiko zima. Mzee Gatua alisimama mlangoni akiandika namba zake, na aliporidhika aliniambia kwamba jikoni tumepata hasi sitini na mbili na pia chai. Kuanzia hapo sikubishana tena na watu wa jikoni. Wao na wanaofagia ndio wanaolijua jengo. Meneja atakuambia ukuta ni wa matofali. Anayefagia atakuambia kwamba nyuma ya hayo matofali kuna ukuta mwingine wa mawe, wa jengo la zamani, kwa sababu huwa anasikia panya wakipita katikati.

Mzee Gatua alipima kuta kwa kugonga na vifundo vya vidole, kama mtu anayechagua tikitimaji. Ubao unaitikia. Tofali linanung'unika. Jiwe letu la kuchonga la huku mlimani halisemi chochote, na hilo ndilo uliogope. Aliniambia pia nisiweke sahani kwenye korido eti kwa sababu ni rahisi kupitisha waya. Watu hawafanyi kazi kwenye korido, wanapita tu wakienda chooni. Weka pale wanapokaa. Na nisiongeze nguvu za sahani hadi mwisho nikidhani nimewasaidia: sahani itapiga kelele na simu itaisikia, lakini simu yenyewe ina sauti ndogo, itajibu na isisikike.

Alikuwa na kanuni mbili alizozirudia hadi nikazichoka. Ya kwanza, jengo hupimwa mara mbili, likiwa tupu na likiwa limejaa, kwa sababu watu ni maji yaliyovaa makoti, na maji hunywa mawimbi. Hii niliishika baada ya ofisi moja kule Kerugoya, tuliyoipima ikiwa haina kitu, nao baadaye wakaingiza safu tatu za kabati za chuma zilizojaa faili, mtandao ukafa. Ya pili ilikuwa fupi zaidi: usisifu kifaa mbele ya mteja. Sikuielewa. Nilidhani ni unyenyekevu.

Mzee Gatua alipoacha kazi akarudi kwenye shamba lake la kahawa, nikabaki peke yangu na ufagio. Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo nililotaka kuwaandikia hasa.

Kuna kanisa bondeni, nyuma ya Gatitu. Jina lake nitalimeza. Lina kuta za mawe, paa la mabati na madirisha membamba, na simu za mkononi hapo zilikuwa zinapata baa moja tu. Hiyo baa moja ilikuwa nje, kando ya tangi la maji, tena usimame upande wa kulia. Kamati ya majengo ilikuwa imeshavuta waya wa faiba, ule unaoleta intaneti, kutoka barabarani. Walinitafuta Jumanne na kunieleza kwamba mtandao lazima uwe umefika madhabahuni kabla ya Jumamosi, saa nne asubuhi.

Sababu ilikuwa bikizee mmoja, Cucu Nyambura wa Giakanja. Mjukuu wake Wairimu, mwalimu wa chekechea, alikuwa anaolewa hiyo Jumamosi, na ni Cucu aliyemlea tangu akiwa mtoto mchanga. Cucu alikuwa amevunjika nyonga na hakuweza kukaa ndani ya gari hata hadi getini. Sasa kwetu mzee akibariki hutema mate kidogo, mepesi kama umande, viganjani mwa anayebarikiwa, na Wairimu alikuwa amemwambia Pasta waziwazi kwamba hatakula kiapo kabla ya Cucu kumbariki yeye na bwana harusi. Pasta akapendekeza waende Giakanja mapema wabarikiwe kitandani. Cucu alikataa. Wairimu alinisimulia jibu lake akiwa katikati ya kucheka na kulia.

"Ati nimbariki blanketi? Harusi iko kanisani, nataka kuiona kanisani. Nataka kuona nani amekuja na amevaa nini. Na huyo kijana sijawahi kumwona."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Siku ya ruracio, yaani ya kupeleka mahari, Cucu alikuwa amelazwa hospitali, na tangu hapo bwana harusi alikuwa kazini Isiolo. Cucu alikuwa ameiweka hiyo rohoni.

"Fundi," Wairimu aliniambia, "nikikosa baraka ya Cucu, nitavua shela niende nyumbani. Sifanyi mzaha."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilipima Jumatano, nikatundika Alhamisi: sahani moja, juu kwenye ukuta wa kando, katikati ya kanisa, ikitazama viti na madhabahu. Madhabahuni nilipata hasi hamsini na saba. Nilimpigia mke wangu kwa video kutoka pale mbele, akaniona vizuri hadi akaniuliza shati hilo nimelipiga pasi na nini. Kulipima kanisa likiwa limejaa sikuweza, kwa sababu watu hawaji kanisani Alhamisi, lakini niliacha nafasi ya kutosha kwa ajili ya makoti. Hesabu yangu ilikuwa safi.

Kisha nikafungua mdomo. Mwenyekiti wa kamati ya majengo alikuwa Ndirangu, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuchomelea mageti. Alisimama chini ya sahani mikono ikiwa nyuma.

"Haka ndiko tumengojea? Kanakaa kifuniko ya sufuria."

Niliumia. Nikamwambia kwamba kile si kifuniko, ni mashine ya maana, kwamba Nyeri nzima ziko chache kama ile, na kwamba wezi wakijua iko hapa hawatalala usingizi.

Ndirangu alikitazama tena kile kifuniko, safari hii kwa heshima. "Wezi," alisema polepole. "Spika tuliibiwa mwaka juzi."

"Basi mnajua," nikasema, nikachukua ngazi yangu nikaenda zangu.

Jumamosi nilifika saa tatu na nusu nikiwa na suti. Ilikuwa Julai, kulikuwa na ile mvua yetu ya kunyunyiza, na kanisa lilikuwa limejaa hadi mlangoni: makoti, skafu, kofia za sufu. Njeri, mpambe wa bibi harusi, ndiye aliyekuwa ameshika simu ya kumpigia Cucu. Alikuja kwangu mbiombio.

"Fundi, haishiki. Inazunguka tu."

Nilitoa simu yangu nikasoma pale madhabahuni. Hasi themanini na nane. Mtu aliyehama.

Nilitazama ukutani. Wapambaji walikuwa wameshafika. Kuta zote zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe na vya zambarau kutoka juu hadi nusu, na sahani yangu ilikuwa nyuma yao mahali fulani. Kitambaa hakizuii kitu, kwa hiyo nikakiacha. Nikawaza makoti. Kati ya sahani na madhabahu kulikuwa na kwaya ya akina baba, wanaume thelathini wenye miili ya kutosha, waliokula vizuri tangu uhuru. Nilimwendea Pasta nikamwomba kwa sauti ya chini awahamishe.

"Wahame kwa nini?"

"Pasta, wananyonya mtandao."

Pasta alifikiri kidogo, kisha akawatangazia kwamba kwa sababu za kiufundi kwaya itahamia kushoto. Wakahama wakinitazama. Mwimbaji mmoja wa sauti ya bezi alinipita karibu akasema, "Ati tunanyonya. Wewe kwenu hamli?"

Namba ikapanda hadi hasi themanini na saba.

Saa nne ikafika. Wairimu akaingia na shela, bwana harusi akasimama, wimbo ukaimbwa ukaisha. Pasta akafungua kitabu. Wairimu akamwambia kitu kwa sauti ya chini, Pasta akafunga kitabu.

"Wapendwa, tuimbe tena."

Njeri alitoka nje na viatu vyake virefu hadi kwenye tangi la maji, akasimama upande wa kulia kwenye matope na kupiga simu ya kawaida. Alirudi na ripoti, na kwa kuwa alikuwa anahema, kanisa zima liliisikia.

"Cucu anasema amevaa tangu saa kumi na moja. Anasema kama hamko tayari, analala."

Watu walicheka. Wairimu hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kugusa pini ya kwanza ya shela. Jasho lilinitoka mgongoni, na Julai ya Nyeri si wakati wa kutoka jasho. Nilizunguka kanisa na simu imeinuliwa juu. Wengine walidhani napiga picha, wakatabasamu. Niliisoma namba kila hatua nne kama Mzee Gatua alivyonifunza, na kila hatua ilinipa jibu lilelile: mbaya, mbaya, mbaya. Hapo ndipo nilipoelewa. Watu wakinywa mawimbi, hunywa huku zaidi na kule kidogo. Mtandao huu ulikuwa mbaya sawasawa kila mahali, hata nilipofika chini ya sahani yenyewe. Tatizo halikuwa kanisani. Tatizo lilikuwa mdomoni mwa sahani.

Niliomba ngazi. Mhudumu akaleta ile ya kubadilishia balbu, nami nikapanda na suti yangu huku wimbo wa nne ukiendelea, nikafunua kitambaa cha zambarau.

Sahani haikuwepo. Palikuwa na sanduku. Lilikuwa la bati nene la mageti, pande zote sita, limechomelewa vizuri, limepakwa rangi ileile ya ukuta, lina mlango, lina kufuli kubwa kama ngumi, na lina tundu moja dogo kwa ajili ya waya. Umeme uliingia na mtandao uliingia. Hakuna kilichotoka. Ukitaka kuua waifai kwa uhakika, hakuna mashine bora zaidi duniani.

Nilishuka vidato viwili. Ndirangu alikuwa ameshafika chini ya ngazi, kifua mbele.

"Umeiona?" aliniuliza kwa fahari. "Mwizi hawezi fungua hiyo kitu kwa saa nzima."

"Ndirangu, hiyo kitu inazuia mtandao kutoka."

"Inazuia aje? Si nilikuachia shimo?"

"Shimo ni la waya. Mtandao unatoka hewani, pande zote. Umeufungia kwa jela."

Fahari ilimtoka usoni taratibu, nikamwonea huruma, maana ni mimi niliyempa hilo wazo. "Wewe ndio ulisema wezi hawatalala," akasema.

"Nilisema. Lete ufunguo."

Alijipapasa mfuko wa kulia. Akajipapasa wa kushoto. Akatazama suti yake mpya kama mtu aliyevalishwa na adui.

"Uko kwa suruali ya kazi."

"Na suruali iko wapi?"

"Imefuliwa."

Wimbo wa tano ulianza. Njeri alikuwa ameshatoka tena hadi kwenye tangi, na alirudi akipiga kelele kutoka mlangoni kwamba Cucu amevua kitambaa cha kichwa. Pini ya kwanza ya shela ilikuwa imeshatoka. Niliiona kwenye vidole vya Wairimu.

Nilipanda tena, nikalitazama lile sanduku kama Mzee Gatua angelitazama, bila haraka, nikaligonga na vifundo. Kufuli lilikuwa la kweli. Bati lilikuwa la kweli. Lakini Ndirangu ni fundi wa mageti, na kwenye geti huwa anaweka bawaba upande wa ndani wa boma, ambako mwizi hafiki. Sanduku halina ndani ya boma. Alikuwa ameziweka nje.

"Nipeni nyundo na msumari," nikasema.

Kwaya ilinyamaza ili ione vizuri. Pasta akaona hakuna haja ya kupigana na hali, akasema kwenye kipaza sauti kwamba tumwombee fundi. Niligonga pini ya bawaba ya chini mara tatu, ikatoka. Nikagonga ya juu mara nne, ikatoka. Saa nzima ya mwizi ilichukua kama nusu dakika, tena na mtu wa magoti mabovu. Ndirangu aliniita kutoka chini ya ngazi kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Fundi. Hiyo ya bawaba, usiambie watu."

Sikuwaambia, hadi leo. Mlango ulining'inia kwenye kufuli na ulikuwa mzito. Ilibidi niushikilie kwa bega ili usirudi mbele ya sahani. Nikatoa simu. Hasi hamsini na tisa.

"Piga!" nikamwambia Njeri.

Alipiga. Kwa sababu kila mtu kanisani alikuwa ananitazama mimi, na yeye alikuwa ananitazama mimi, simu pia alikuwa ameielekeza kwangu. Pasta alikuwa ameisogezea simu kipaza sauti, na kutoka kwenye spika mpya za kanisa Cucu Nyambura akasikika hadi kwenye mabati.

"Ndio huyu?"

Nilikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi, mlango begani.

"Wairimu, huyu ni mzee! Ako na upara! Na mbona amepanda ukuta?"

"Cucu, sio huyo..." Wairimu alianza, lakini kanisa lilikuwa limeshalipuka kwa kicheko na Cucu hakumsikia.

"Haya," alisema kwa uchungu mkubwa, "kama ndiye umechagua." Akanitemea. Mara mbili. Alinitakia ng'ombe, watoto, na ndoa isiyokuwa na maneno mengi, nami kwa adabu nikainamisha kichwa, kwa sababu baraka ya mzee haikataliwi hata kama imekosea mlango.

Njeri alipopata nguvu akaigeuza simu. Bwana harusi alikuwa amesimama wima kama askari, na Wairimu alikuwa kando yake, shela imelala upande mmoja, pini bado mkononi. Cucu aliwatazama muda mrefu. Upande wake, mkamwana wake alikuwa anapangusa kioo cha simu kwa leso, na sura ya Cucu ilikuja na kupotea nyuma ya kitambaa.

"Huyu sasa sawa," akasema mwishowe. "Umekonda, kijana. Isiolo hawapiki?"

"Wanapika, Cucu."

"Wairimu, umependeza."

Wairimu alinyoosha viganja vyote viwili mbele ya ile simu, na bwana harusi akanyoosha vyake kando.

"Ngojeni," Cucu akasema. "Mate yameisha, nimempea yule wa ukuta. Nileteeni uji."

Watu wote walingoja. Pasta alishikilia kipaza sauti palepale kwenye simu, kwaya ilisimama pale ilipohamishiwa, Ndirangu alivua kofia. Bega langu lilikuwa linawaka moto chini ya ule mlango na sikulisogeza hata kidogo. Tulimsikia akinywa uji, funda moja, funda la pili, bila haraka, huku wawili wale wakiwa wamesimama na viganja wazi. Kisha akaweka kikombe chini, akapangusa mdomo, akasogea karibu na simu hadi tukaona macho tu, na akatema.